Pigo la Thelathini na Moja

Alikuwa amegonga mara thelathini siku hiyo. Hilo Besi angeweza kuapa mbele ya mtu yeyote, maana alihesabu huku anagonga: kumi laini, kumi ya kiasi, kumi ya nguvu, na kila baada ya kumi alipumzika akajifuta jasho. Sasa yuko mbele ya kompyuta anayakata mapigo yale moja moja, na kwenye kioo yako thelathini na moja.

Akahesabu tena, safari hii kwa ncha ya kidole. Thelathini na moja.

La mwisho lilikuja baada ya yeye kumaliza kazi. Aliyasikia yote kwenye hedfoni: mlango unafunguka, viatu vyake vinaingia, mlango unafungwa, yeye mwenyewe anaguna, "Aah, jua hili," halafu kimya cha pumzi nne tano. Kisha, ngo. Pigo moja la adabu, la mtu anayegonga kwa kifundo cha kidole akiogopa kusumbua. Na baada yake sauti ya mkewe kutoka chumba cha nyuma: "Karibu! Mlango uko wazi!"

Hakuna aliyeingia. Bawaba za mlango ule zilikuwa zinalia hata akipita paka, na hapo hazikulia. Besi alirudia kusikiliza mara tatu, akasema huyo ni mtoto wa jirani, watoto wa siku hizi hawana kazi. Halafu, kwa kuwa masikio yake yalikuwa masikio ya kazi, akatambua kwamba pigo lile lilikuwa tamu kuliko yote aliyoyapiga yeye. Akalihifadhi pamoja na mengine.

Sasa utauliza, mtu mzima na akili zake anarekodije mlango wa nyumba yake kama hana la kufanya? Ngoja nikueleze.

Besi walimwita Besi kwa utani tu, maana sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza muziki nyumbani, katika kile kilichokuwa stoo, chumba ambacho alikizungushia mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Wapiga dramu wa kuajiri hakuwa na pa kuwaweka, kwa hiyo dramu zake zote zilitoka ndani ya kompyuta. Na hapo ndipo mwimbaji mmoja, aliyempa nyimbo sita, alipompigia simu baada ya kuusikia wa kwanza.

"Kaka," alisema yule mwimbaji, "sauti yangu iko hai, dramu zako ni maiti. Unanizika nikiwa mzima."

Maneno yale yalimkaa Besi kooni. Siku tatu hakula vizuri. Akaanza kutafuta programu mpya ya dramu. Ile aliyoizoea ilikuwa inapiga kila pigo sawasawa na mwenzake, hakuna tofauti hata ya nywele. Akajaribu nyingine, ambayo ilikuwa na sauti tukufu, lakini nzito mno, kompyuta ikahema dakika mbili ikazimika. Ya tatu ndiyo iliyomshika. Ilikuwa nyepesi, na ilikuwa na nafasi tupu ambamo unaweza kuweka sauti zako mwenyewe, ukaitengeneza dramu unayoitaka. Ilikuwa na vitufe vya kuzungusha: kimoja cha nguvu, kimoja cha kuchelewesha pigo kidogo ili lisiwe la mashine, na kimoja kilichoandikwa "chumba". Hicho cha mwisho kilikuwa cha kupandisha hewa ya mahali sauti iliporekodiwa, ili msikilizaji ajihisi kama amekaa humo humo.

Sharti lake lilikuwa moja. Programu ile ilitaka sauti moja ipigwe mara nyingi, laini na kali, kwa sababu mkono wa binadamu haupigi sawa mara mbili.

Alijaribu kupiga stuli. Akajaribu ndoo, sanduku, sinia. Vyote takataka. Mpaka siku moja mkewe alipofunga mlango wa sebuleni kwa hasira kidogo, na Besi akaruka kutoka stoo.

"Huo huo!" alipiga kelele. "Rudia!"

"Nirudie nini?"

"Mlango! Mbao ile! Wewe husikii inavyoimba?"

Mkewe alimtazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake. Alikuwa fundi wa nguo, na wateja wake walipita mlango ule ule kutwa kucha. Kwa miaka kumi mdomo wake ulikuwa umezoea: mlango ukigongwa tu, "Karibu!" imeshatoka, hata kama amebana pini tatu katikati ya meno. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kurekodi, Besi akiwa nje juani anagonga na maiki imesimama sebuleni, mambo yalikuwa kichekesho.

"Karibu! Mlango uko wazi!"

"Ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Mumeo!"

"Sasa mume wangu unapiga hodi kwako, kwani umefukuzwa?"

Walicheka sana, na binti yao wa miaka saba, ambaye kwa kupenda kuongea walimwita Chiriku, alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini kucheka hakukumaliza kazi. Besi alikuwa amechagua saa saba mchana kwa sababu ndiyo saa mtaa unapokuwa kimya, watu wako kazini, na waliobaki jua limewakimbizia ndani. Ilimchukua siku nne, saa ile ile, kupata mapigo safi, kwa sababu kila akipata matatu mazuri, la nne linaingiliwa na "Karibu!"

"Mama Chiriku, nyamaza nusu saa tu, nakuomba."

"Na wateja wangu nao wanyamaze? Mtu agonge, mimi nikae kimya kama sina adabu? Huyo si mimi."

Akaacha. Akayakata maneno ya mkewe kwa kompyuta, akabaki na mapigo. Kisha ikaja kazi yenyewe ya kuitengeneza dramu ile, na hiyo ilimla siku tisa. Alifungua spika mpaka mwisho, akazungusha vitufe, akapiga, akasikiliza, akazungusha tena. Nyumba nzima iligongwa tangu asubuhi mpaka jioni. Mwanzoni mkewe alikuwa anakuja mpaka mlango wa stoo kuuliza, "Baba Chiriku, ni wewe au kuna mtu?" Baadaye akachoka kuuliza. Akawa anarusha tu karibu zake kutoka kwenye cherehani bila hata kuinua kichwa, kama mtu anayefukuza nzi.

Dramu ikatoka nzuri ajabu. Mwimbaji aliposikia akasema kwenye simu, "Eh! Huyu anayepiga ni nani?" Besi akacheka kwa kiburi, akasema ni siri ya fundi.

Jambo la pili la ajabu, baada ya lile pigo la ziada, lilikuwa harufu. Sebule ilianza kunuka kama nguo zilizokaa sandukuni miaka mingi, zikatolewa zikiwa na unyevu. Mkewe alifua mapazia. Harufu ikabaki. Akatoa mito ya viti akaianika juani, na dakika chache baada ya kuirudisha aliikuta imebonyea katikati, yote sita, hata ule wa kiti cha pembeni ambacho hakuna mtu anayekikalia.

Kisha Chiriku. Alikuwa mtoto wa adabu, kafundishwa kuamkia wakubwa. Mchana mmoja alirudi kutoka shule, na Besi, aliyekuwa anakunywa maji jikoni, akamwona kupitia mlangoni anaingia sebuleni, anasimama, anainamisha kichwa.

"Shikamooni," alisema Chiriku.

Akangoja kidogo, kama mtoto anavyongoja kuitikiwa, halafu akapita zake akaja jikoni.

"Ulikuwa unamwamkia nani?" Besi alimuuliza.

"Wageni wa Mama."

"Wageni gani? Mbona pale hakuna mtu?"

Chiriku alitazama sebuleni, akamtazama baba yake kwa mshangao, kisha akashusha sauti kama alivyofundishwa kufanya mbele ya watu. "Baba, watakusikia."

Besi alikwenda mpaka katikati ya sebule. Viti vitupu. Meza tupu. Alisimama pale akijiambia kwamba watoto ni watoto, na alipogeuka kurudi ndipo alipokisikia nyuma yake: kikohozi. Si cha ugonjwa. Kilikuwa kile kikohozi kidogo cha mgeni aliyekaa muda mrefu bila kuangaliwa, anayetaka kukumbusha kwamba yupo.

Hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja stoo akajifungia.

Kesho yake saa saba mkewe aliingia stoo bila kubisha. Alikuwa ameshika daftari lake la vipimo.

"Funga mlango," alinong'ona. "Zima hiyo spika. Nisikilize, na usinicheke."

"Sikucheki."

"Amekuja mteja. Mwanamke. Nilikuwa napinda gauni, kichwa kiko chini, nikasikia amesimama karibu yangu, anataka gauni refu. Nikachukua utepe nikampima. Kiuno, ishirini na nane. Nikaandika. Nikampima urefu, nikaanzia chini kwenye sakafu nikawa napanda. Utepe ukaisha. Nikashika pale kwa kidole, nikaanza tena kutoka pale pale. Baba Chiriku, nilipanda juu ya stuli! Nilipanda stuli kumpima mtu bega, na sikushtuka, mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe tu. Nikamwambia, dada, Mungu kakupa urefu. Akacheka. Hapo ndipo nilipoinua macho nimwone usoni."

"Ikawaje?"

"Mikono yangu ilikuwa imeshika utepe hewani."

Alifungua daftari. Ilikuwa hati yake mwenyewe, nzuri, iliyonyooka. Kiuno 28. Bega 16. Bega hadi chini, inchi 110.

Besi aliitazama ile namba mpaka macho yakamuuma. Akajua kwamba hawezi tena kujifanya hamnazo. Akamvutia mkewe stuli, akamvalisha hedfoni, yeye akaweka sikio kwenye upande mmoja, na akafungua yale mapigo ya mlango, yote, kama alivyoyarekodi. Kile kitufe kilichoandikwa "chumba" alikuwa hajawahi kukipandisha zaidi ya robo, kwa sababu hewa ikizidi muziki unachafuka. Sasa akakizungusha polepole, robo, nusu, robo tatu, na kadiri alivyokizungusha ndivyo mapigo ya mlango yalivyorudi nyuma, yakawa mbali, yakawa kama ya nyumba ya tatu, na mbele yake ikajitokeza sebule yao wenyewe, walitambua saa yao ya ukutani na lile bomba linalodondosha jikoni, na ndani ya sebule ile palikuwa na watu, watu wengi, waliokaa, kitambaa kinasugua kitambaa, kiti kinalia mtu akihama ubavu, mtu anavuta pumzi ndefu puani na kuitoa, mwingine anasogeza miguu ampishe mwingine, na vile vikohozi, kimoja huku, kimoja kule, vya subira iliyoanza kuisha, mpaka kitufe kilipofika mwisho kabisa na hakuna tena pa kukizungusha, ndipo sauti ya mwanamke, karibu mno, kana kwamba amekaa kati ya mume na mke pale kwenye stuli, ikasema kwa masikitiko:

"Hata maji?"

Mkewe alizivua hedfoni akazitupa chini. Hakupiga kelele. Alimshika Besi mkono akaubana mpaka kucha zikaingia.

"Mtoto," alisema. "Kamtoe mtoto sebuleni."

Jioni ile ile walimwita Bi Mkunga. Alikuwa mteja wa zamani wa cherehani ile, mwanamke mkavu, mkali wa maneno, aliyezalisha nusu ya mtaa kabla ya kustaafu, na kila mtu alijua kwamba mambo ya aina hii nayo huyaweza. Aliingia, akasimama kizingitini, akatazama viti vyote sita kimoja kimoja. Akakataa kukaa hata kwenye kimoja. Alipita kwa ubavu, akisema "samahani, samahani" chini chini, mpaka stoo.

"Shikamoo, Bibi," alisema Besi.

"Marahaba. Nipe hayo madude yako nisikie."

Alizivaa hedfoni juu chini, akasikiliza dakika kumi akiwa amefumba macho. Alipozivua alimtazama Besi kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja chungu.

"Mwanangu, umegonga mlango saa saba mchana, jua liko utosini, siku ngapi?"

"Siku nne, Bibi. Ilikuwa kazi."

"Na huyu mwenzio anakaribisha. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Na nje hakuna mtu." Akageukia mke. "Saa ile, binti yangu, nje huwa kuna watu. Hawaonekani tu. Ukisema mara moja kwa bahati mbaya, wanacheka wanapita. Nyie mmewaita siku nne. Wakaona kweli wanatakiwa. Wameingia, wameketi, wamengoja. Hakuna aliyewapa maji, hakuna aliyewauliza habari ya safari. Mnawapita kama hamwaoni."

"Lakini kweli hatuwaoni, Bibi!"

"Hilo si kosa lao."

"Basi wafukuze," alisema Besi.

"Nimfukuze mgeni wa watu, mimi?" Bi Mkunga alisonya. "Aliyemwita ndiye atakayemuaga. Karibu moja, mgeni mmoja. Kwaheri moja, mgeni mmoja. Wapewe maji, waombwe radhi, waagwe mlangoni, kisha huyu awasindikize mpaka mwisho wa mtaa. Watakwenda, wala hawatadhuru mtu, maana nawaona ni watu wa heshima. Lakini nataka hesabu kamili. Akibaki mmoja hajaagwa na wenzake wamekwisha sindikizwa, huyo si mgeni tena. Anajiona ndiye mwenye nyumba, na aliyemwita anahesabiwa mgeni. Na hapo, msiniite."

Mke aliinama akatazama mikono yake.

"Sikuhesabu," alisema. "Nani anahesabu neno kama hilo? Linatoka tu."

Besi akavuta kiti mbele ya kompyuta. Kwa mara ya kwanza tangu jana alihisi ana la kufanya, na moyo wake ukachangamka kidogo. Rekodi zake ndefu alikuwa hajazifuta, kila siku na faili lake. Alizipitia zote nne usiku kucha, akaweka alama kila iliposikika sauti ya mkewe. Asubuhi Bi Mkunga aliporudi, Besi alimpa namba kwenye karatasi. Arobaini na moja.

"Zote?"

"Zote, Bibi. Maiki haidanganyi."

"Una hakika, Baba Chiriku?" mkewe aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Mimi naona kama niliita nyingi kuliko hizo."

"Mama Chiriku, hii ndiyo kazi yangu."

Mkewe akaitikia kwa kichwa. Mambo ya nguo yalikuwa yake, mambo ya sauti yalikuwa ya mumewe, na katika ndoa yao yote hawakuwahi kuingiliana. Alikwenda jikoni akajaza maji.

Ilikuwa Jumamosi. Saa saba ilipofika, Bi Mkunga alimweka Besi na Chiriku kwenye mlango wa stoo akawaambia wasitie neno. Mke alivaa gauni lake zuri, la bluu, alilojishonea mwenyewe. Alizunguka sebule na sinia la glasi, akaweka moja mbele ya kila kiti, nyingine sakafuni kando ya ukuta, kwa wale waliokosa viti. Alipomaliza kuzunguka akarudi kuzitoa. Hakuna glasi iliyokuwa na tone.

Kisha akasimama mlangoni, akaufungua wazi, jua likaingia.

"Wageni wangu," alisema, na sauti yake ilikatika, akaanza tena. "Wageni wangu, nisameheni. Niliwaita nikawasahau. Kwa heri, mgeni wangu. Ahsante kwa kuja. Kwa heri, mgeni wangu. Ahsante kwa kuja."

Besi alikuwa akihesabu kwa vidole. Kila kwaheri moja, pazia la mlango lilisogea kidogo, kama mtu amelipita kwa bega. Ya kumi, ile harufu ya sandukuni ikaanza kupungua. Ya thelathini, mwanga wa sebule ukawa mweupe. Ya arobaini na moja, pazia likasogea, likarudi, likatulia. Mke alifuta machozi akamtazama mumewe kwa mbali, naye Besi akamwinulia kidole gumba. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake lile la kila siku, la pembe moja ya mdomo.

Akatoka. Bi Mkunga alimfuata hatua chache nyuma, maana kwake kulikuwa upande huo huo. Kupitia dirishani Besi alimwona mkewe akienda katikati ya barabara, polepole, mikono wazi kidogo, kama mwenyeji anayeongozana na kundi kubwa, mpaka walipopinda kona.

Nyumba ikawa nyepesi. Wallahi Besi alijisikia kucheka. Alimbeba Chiriku akamzungusha, akamweka chini, akaenda kukaa kwenye kompyuta kulifuta kila pigo la mlango, lisibaki hata moja. Akafungua kazi yenyewe. Programu ile iliweka kumbukumbu ya kila siku aliyoitumia, na kumbukumbu zile zikajipanga mbele yake: siku nne za kurekodi, na chini yake siku nyingine tisa.

Siku tisa za kuzungusha vitufe. Spika wazi, mlango unagongwa nyumba nzima, asubuhi mpaka jioni. Na maiki, siku zote tisa, ilikuwa imezimwa.

Alikaa akiitazama ile orodha. Alimsikia mkewe kichwani, kwenye cherehani, akirusha karibu zake bila kuinua uso. Karibu. Karibu. Karibu. Siku tisa. Akasimama, kiti kikaanguka, akakimbia sebuleni awahi kumwita kabla hajamaliza kusindikiza.

Viti vyote sita vilikuwa vimebonyea. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyehema kwa subira. Waliokaa pale walikuwa wamekaa kwa raha, wameegemea, kama watu wanavyokaa kwao jioni baada ya kazi. Jikoni mtu alifungua kabati bila kutafuta, akatoa kikombe, akalifunga.

"Baba," Chiriku alinong'ona, akimng'ang'ania mguu, "wamesema tusisimame njiani."

Besi alifika mlangoni, akashika komeo, na hapo hapo mlango ukagongwa upande wa pili. Pigo moja tu, la adabu.

"Hodi," ilisema sauti ya mkewe.

"Usi..." Besi alianza. Sauti haikutoka. Na nyuma yake, kutoka kwenye viti, kutoka jikoni, kutoka chumba cha nyuma kwenye cherehani, wakaitikia kwa pamoja, kwa ukarimu wa wenye nyumba:

"Karibu! Mlango uko wazi!"

Mlango ukafunguka. Alikuwa yeye. Gauni la bluu, vumbi miguuni, jasho kwenye paji la uso. Besi alimkamata mikono yote miwili akamwita jina lake la ujana, lile asilolitumia mbele ya watu, akamwita tena. Mkewe alimwachia mikono muda kidogo, kwa uvumilivu, kisha akaitoa polepole. Akavua viatu akaviweka vizuri kando ya mlango. Akaketi kwenye ncha ya kiti cha pembeni, magoti pamoja, mikono mapajani, akaangaza macho ukutani, kwenye mapazia aliyoyashona mwenyewe, kwenye saa, kwenye meza.

"Hapa kwenu pazuri," alisema.

"Mama!" Chiriku alimkimbilia akamwangukia mapajani.

Yule mwanamke alishtuka kidogo. Halafu akampapasa mtoto kichwani kwa mkono mwepesi, akatabasamu kwa pembe zote mbili za mdomo, akamtazama Besi usoni.

"Na huyu binti yenu," aliuliza, "anasoma darasa la ngapi?"